Kuruka ni Rahisi, Kushuka Ndiko Kazi

Nataka kuwasimulia habari ya ndege ndogo isiyo na mashini. Msiseme upesi: «Hayo ni mambo ya watoto.» Ndege hiyo ina mabawa ya metri tatu toka ncha hata ncha, uzito wake wapita kilo mbili, na siku moja nusura nimuue mtoto wa watu nayo. Ndiyo sababu naandika.

Lakini nitaanza nyumbani, kwa maana huko nilipewa fundisho la kwanza, nami sikulifahamu.

Kaka yangu mkubwa alikuwa na chukudu. Watu wa Goma hawana haja ya kuelezwa. Kwa wengine nasema hivi: ni chombo cha mti mtupu, chenye magurudumu mawili ya mti yaliyovikwa mpira, na usukani kama pembe za ng'ombe, na ubao mrefu wa kuwekea mzigo. Mashini hakina. Kupanda, wakisukuma; kushuka, wapiga goti juu ya ubao nacho chakimbia chenyewe. Kaka alishuka toka Kibumba mpaka Goma na mashu, na viazi, na makala, mzigo kuliko uzito wake mwenyewe mara nyingi.

Baba alikuwa mtu wa maneno machache. Asubuhi, kabla ya safari, alikagua mambo mawili tu: mzigo umekaa wapi, na breki iko namna gani. Breki yenyewe ilikuwa kipande cha mpira wa gari kilichopigiliwa karibu na gurudumu la nyuma. Dereva hukikanyaga kwa mguu, nacho hulisugua gurudumu. Mzigo ukikaa nyuma mno, gurudumu la mbele huwa jepesi na usukani haushiki njia. Ukikaa mbele mno, chukudu huwa kizito kama jiwe, hakikubali kukata kona. Kaka alipokuwa na haraka alinung'unika. Baba alimjibu: «Mlima hautakuuliza kama umefunga vema. Utakuonyesha tu.»

Neno hilo nililisikia mara mia. Nikalisahau.

Mzee na ghala lake

Miaka ikapita, na kazi ikanipeleka Ubelgiji, upande wa Liège. Karibu na nyumba yangu alikaa mzee mmoja, fundi wa chuma aliyestaafu. Jina lake silitaji. Mimi nilimwita Mzee, kwa lugha yetu. Aliponiuliza maana yake, nilimwambia ni neno la heshima, naye akalipenda. Tangu siku ile, mkewe naye akamwita hivyo.

Mzee alikuwa na ghala nyuma ya nyumba, na darini humo yalining'inia mabawa kama samaki waliokaushwa. Alikuwa mtu wa kurusha planeri, yaani ndege isiyo na mashini, na kuziongoza kwa redio akiwa amesimama chini. Siku za Jumapili mchana alinichukua mpaka kilima kimoja chenye majani. Upepo ukigonga kilima hupanda juu, na planeri hukaa katika upepo ule upandao kama mwewe, saa nzima, bila sauti. Mimi niliyeota nikitazama mwewe juu ya ziwa Kivu, nilisimama kinywa wazi.

Labda mtaniuliza: ndege isiyo na mashini yaendaje? Yaenda kama chukudu kwenye mteremko. Daima yashuka katika hewa iliyoizunguka, na kushuka kule ndiko kunaipa mwendo. Hewa yenyewe ikipanda upesi kuliko ndege inavyoshuka, basi sisi tulio chini twaona ndege inapanda.

Mzee alipenda kusimulia habari za wale wa kwanza. Alinieleza kwamba mwaka 1804 Mwingereza George Cayley alitengeneza planeri ndogo, mfano tu, bawa lake kama tiara ya kuchezea, na mkia wa kugeuzwa. Tena aliweka uzito wa kusogezwa mbele na nyuma. «Unaona?» alisema Mzee. «Kabla mtu ye yote hajaruka, yule aliisha fahamu kwamba neno la kwanza ni uzito ukae wapi.» Alinieleza tena habari za Otto Lilienthal, Mjerumani, aliyeruka mwenyewe na mabawa yake. Huyo hakuwa na vibao vya kuongozea. Alining'inia katikati ya mabawa, na akitaka kugeuza alirusha miguu na kiwiliwili upande huu na huu. Mwili wake wenyewe ulikuwa ule uzito wa kusogezwa. Tarehe 9 Agosti 1896 upepo uliinua pua ya chombo chake, mwendo ukaisha, akaanguka. Akafa kesho yake.

Mwaka mmoja tulikwenda pamoja Ujerumani, mpaka mlima Wasserkuppe katika nchi ya Rhön, metri 950 juu ya bahari. Baada ya vita vya 1914-1918, Wajerumani walizuiwa kutengeneza ndege za mashini, basi vijana wao walipanda mlima ule na planeri, na mashindano ya kwanza yalifanywa mwaka 1920. Huko kuna tai wa shaba nyeusi juu ya rundo la mawe ya volkano, ukumbusho wa marubani waliokufa, uliowekwa mwaka 1923. Nilishika mawe yale. Yalikuwa meusi na mazito kama ya kwetu Goma. Mzee akaniangalia, hakusema kitu.

Haraka yangu

Baadaye Mzee aliugua. Miguu ilikataa, kisha pumzi. Siku moja aliniita ghalani, akanipa planeri yake kubwa kuliko zote, pamoja na daftari lake. «Ichukue,» alisema, «lakini isome kwanza.» Mimi nilidhani asema daftari. Sasa najua alisema ndege.

Wasomaji, mimi sikusoma wala hili wala hili. Sanduku la zamani la kuongozea lilikuwa la redio ya siku nyingi, ya megahezi 35. Siku zile za zamani kila mrushaji alichukua chaneli yake kwa kubandua kibanio cha nguo chenye namba kwenye ubao, ili watu wawili wasipige chaneli moja na kuangushana. Nikanunua sanduku jipya. Nikaona tena batri ya zamani imekufa. Nikanunua mpya, ndogo, yenye nguvu zaidi. Batri ya zamani ilipimwa gramu 220, mpya 120. Nikafurahi: ndege imekuwa nyepesi! Nikaunganisha waya zote, nikasogeza vijiti, nikaona vibao vyacheza. Jumamosi ile ile nikapanda kilimani.

Ndege iliruka. Lakini iliruka kama mbuzi aliyekatika kamba: kijiti nikikigusa kidogo, yapanda ghafula, nikirudisha, yazama. Mikono ilianza kunitoka jasho. Nikasema: afadhali niishushe. Chini, mahali pa kutua, jamaa moja walikuwa wameketi na chakula chao, mbali kidogo, na mtoto wao wa miaka minne au mitano alikuwa akikimbia na mbwa.

Nikaileta ndege. Ilikuja upesi mno, ikielekea upande wao. Nikavuta breki yote mara moja.

Pua ikainuka juu. Ndege ikasimama hewani, kama mtu aliyesahau anachotaka kusema. Kisha bawa la kushoto likaanguka, na ndege yote ikaenda chini upande wa mtoto. Nilipiga kelele, sijui kwa lugha gani. Ilipiga ardhi hatua tatu toka pale aliposimama. Bawa likavunjika, na batri ikaruka majanini. Mtoto hakuguswa. Alicheka, maana alidhani ni mchezo. Mama yake hakucheka. Alimbeba, akanitazama, na sikuwa na neno la kumwambia ila kuomba radhi, nikaomba tena na tena.

Usiku ule sikulala. Niliona chukudu kikiteremka bila mtu.

Siku ya tatu nilikwenda hospitali kumwambia Mzee. Njiani nilikuwa nimetunga maneno: upepo ulikuwa mbaya, redio mpya ina kasoro, na mengine. Nilipomwona kitandani, maneno yale yalikauka. Nikasema kweli yote. Mzee alinyamaza kitambo. Kisha aliniuliza maswali mawili tu: «Uliipima uzito baada ya kubadili batri?» Nikasema: hapana. «Breki uliijaribu kwanza juu sana, kidogo kidogo?» Nikasema: hapana.

Hakunikaripia. Alisema: «Kijana wangu, ndege haikukosa. Ilifanya kila kitu ulichoiambia. Sasa itengeneze, uanze mwanzo.»

Uzito mahali pake

Basi, majira yote ya baridi nilikaa ghalani. Bawa nililiunga kwa mti wa balsa na nyuzi za kioo na gundi. Jioni nilisoma daftari. Nitawaeleza niliyojifunza, maana hata asiyerusha ndege ataona kitu humo.

Kila ndege ina mahali pamoja ambapo uzito wote wajisawazisha, kama mizani ya sokoni. Ukiishika mahali pale kwa vidole viwili, haiangukii mbele wala nyuma. Mahali pale pakiwa mbele ya kiasi, pua ni nzito: ndege ni tulivu, lakini ni mvivu, yataka daima kuvutwa juu. Pakiwa nyuma ya kiasi, mkia ni mzito: ndege ina wasiwasi, kosa dogo lakua kubwa, na mwisho haishikiki. Warushaji wana msemo: ndege yenye pua nzito huruka vibaya, yenye mkia mzito huruka mara moja tu.

Katika planeri nyingi za namna hii mahali pa kuanzia ni karibu na theluthi ya upana wa bawa, ukipima toka ukingo wa mbele. Bawa la Mzee lina upana wa santimetri 24 sehemu kubwa yake, na daftari lilisema: santimetri 8. Bawa likipungua upana kuelekea ncha, lazima kutafuta kwanza upana wa kati, wala si kupima shinani tu.

Nikatia alama mbili za kalamu chini ya bawa, kulia na kushoto ya mwili, santimetri 8 toka ukingo wa mbele. Nikasimamisha vijiti viwili vyenye vichwa vya mpira, nikaiweka ndege juu yake, ndani ya nyumba, pasipo upepo, na kila kitu mahali pake: batri, skurubu, kifuniko, hata utepe wa gundi. Kipimo cha ndege nusu hakifai kitu. Mkia ukaenda chini mara moja, kama ndoo kisimani.

Sasa nikapiga hesabu. Ndege zamani ilikuwa na gramu 2400. Niliondoa gramu 100 mahali palipo santimetri 30 mbele ya mizani. Mia mara thelathini ni 3000. Gawanya kwa gramu 2300 zilizobaki: mizani ilirudi nyuma karibu santimetri 1 na milimetri 3. Ni kitu kidogo, ukucha wa kidole gumba. Kwa ukucha ule mtoto alikuwa karibu kufa.

Dawa yake ni risasi, ile madini nzito ambayo wavuvi huitia katika nyavu zao. Ukiiweka mbele kabisa, puani, yafaa kuliko karibu na bawa, kwa sababu ya urefu wa mkono wa mizani. Puani pa ndege hii ni santimetri 40 toka mizani. 3000 gawanya kwa 40 ni 75. Gramu 75 zatosha basi, badala ya zile 100 za batri. Kinyume chake ni vile vile: mkia uko mbali kuliko pua, na kila gramu ya gundi au rangi unayoipaka mkiani yadai gramu mbili au tatu puani. Ndiyo maana fundi mwenye akili hupaka rangi kwa choyo huko nyuma.

Lakini Mzee aliandika katika daftari: «Siku ya kwanza, anza mbele.» Nikaongeza gramu 30 tena, mizani ikafika santimetri 7 na nusu. Kisha nikapima upande kwa upande: nikaishika kwa pua na mkia, nikaona bawa la kulia lazama, maana ndilo nililolitia gundi nyingi. Nikatia kipande kidogo cha risasi katika ncha ya bawa la kushoto.

Breki ya kipepeo

Sasa breki. Ndege kubwa za watu huwa na vibao vinavyochomoza wima juu ya bawa na kuziba hewa. Planeri ya Mzee yafanya namna nyingine. Ukingo wa nyuma wa kila bawa una vibao viwili: cha ndani, karibu na mwili, na cha nje, karibu na ncha. Ukivuta breki, vibao vya ndani vyashuka sana, na vya nje vyapanda kiasi. Wengi huiita breki ya kipepeo. Waingereza huiita ya kunguru. Vya ndani vyazuia mwendo. Vya nje vikipanda vyapunguza nguvu ya kuinua kwenye ncha, hivi ndege yashuka bila kukimbia. Tena ncha za bawa hazisimami kwanza, ndege haipinduki upande upesi. Mwangalieni mwewe anapotua: hajifungi tu kama jiwe, hupanua mkia na kugeuza mabawa, akabadili umbo lote.

Kila kibao chasukumwa na servo, yaani kimota kidogo chenye mkono, kinachotii redio. Kibao cha ndani chataka kushuka sana na kupanda kidogo tu. Basi mkono wa servo haufai kuwekwa katikati, lazima uelekezwe mapema, ili safari yake ndefu iwe upande wa kushuka. Jambo hili ni la kufanya kwa skurubu na kwa subira. Si la kurekebisha kwa vifungo vya sanduku. Servo ikilia kama nyuki wakati imetulia, mahali fulani pabana: tafuta, usiiache.

Nilikata kipande cha katoni chenye alama za digrii, nikapima. Vibao vya ndani niliviteremsha digrii 70, kulia na kushoto sawasawa. Kama kimoja chashuka zaidi, ndege itageuka kila unapovuta breki. Vya nje nilivipandisha digrii 20 tu, maana ni hivyo hivyo vinavyoulaza mwili kushoto na kulia. Ukivimaliza vyote kwa breki, havina nafasi ya kufanya kazi yao nyingine. Kijiti cha breki kiko mkono wa kushoto: mbele kabisa, hakuna breki, ukikivuta kwako, breki yaja kwa kadiri unavyovuta.

Sasa sikilizeni kosa langu la pili. Vibao vya ndani vikishuka, bawa lasukuma hewa nyingi chini. Hewa ile yapita nyuma, yagonga mkia na kuushusha, na pua yainuka. Ndivyo ilivyo kwa ndege nyingi za umbo hili. Basi lazima kuliambia sanduku: kila breki inapovutwa, kibao cha mkia nacho kishuke kidogo, kizuie pua. Sanduku la zamani la Mzee lilikuwa na agizo hilo ndani yake tangu miaka mingi. Sanduku langu jipya, la bei kubwa, halikuwa na agizo lo lote. Hakuna aliyeliambia. Mwanafunzi mpya hajui desturi za nyumba. Kosa ni la nani?

Tena agizo hilo halipandi sawasawa. Robo ya kwanza ya breki ndiyo inayoinua pua sana; baadaye haja hukua polepole. Kwa ndege hii, na kwa hii tu, niliishia na kibao cha mkia kushuka milimetri 2 kwa robo ya breki, 3 kwa nusu, na 4 kwa breki yote. Ndege nyingine yataka kipimo kingine.

Mwisho nilifanya jambo ambalo sikulifikiri kamwe zamani. Ndege ikiwa chini, imeshikwa, nilizima sanduku la mkononi, nikatazama vibao vyafanya nini. Redio ikipotea angani, kipokezi hutii agizo la mwisho ulilolipanga. Nililipanga breki itoke kiasi, na ndege igeuke polepole. Afadhali ianguke karibu, polepole, kuliko kukimbilia kijijini isikojulikana nani yuko.

Vidole vya Mzee

Mwezi wa pili walimrudisha Mzee nyumbani. Sote tulijua maana yake. Nikamletea ndege chumbani, mabawa yake yakagusa kabati na dirisha. Mkewe alitaka kuikataza, kisha akanyamaza.

Mzee aliomba aketishwe. Akaweka vidole viwili chini ya bawa, juu ya alama zangu. Mikono yake ilitetemeka, lakini ndege haikutetemeka. Pua ikashuka polepole, kidogo tu. «Nzito mbele,» akasema. «Umeniiga.» Kisha akaomba breki. Nikavuta, vibao vikafunguka, naye akapitisha kidole kimoja kimoja, kama mtu anayesoma gizani. Akasema: «Usisahau kuvirudisha kabla ya majani. Vikigonga chini, meno ya servo hukatika.» Hayo ndiyo maneno ya mwisho aliyonifundisha. Alikufa baada ya siku tisa.

Mwezi wa nne nilipanda kilimani pamoja na mkewe. Kwanza tulitembea mahali pote pa kutua, tukahakikisha hakuna mtu. Nikamwomba asimame nyuma yangu. Nikairusha.

Ilikwenda kama ng'ombe mzee, tulivu na mvivu. Sikuigusa breki. Niliipandisha kadiri ya metri mia, nikaipa mwendo wa sawa, nikaisukuma pua chini kiasi, nikaachia kijiti. Hiki ndicho kipimo: pua ikiinuka yenyewe kwa nguvu, ni nzito mbele, ikizidi kuzama, mkia ni mzito, uiokoe mara, ikirudi polepole, ni vema. Ya kwangu iliinuka kwa nguvu. Nikaishusha, nikatoa gramu 5 puani, nikaigeuza kidogo rekebisho la mkia, nikarusha tena. Mara nne nilifanya hivyo. Puani pakabaki gramu 85, mizani santimetri 7 na milimetri 8. Ndipo ikaanza kuruka kama mwewe.

Kisha breki, juu kule kule. Robo: pua ikatikisika, nikaandika. Nusu. Yote. Nikashuka, nikarekebisha, nikapanda tena. Mke wa Mzee aliandika namba katika daftari lile lile, chini ya mwandiko wa mumewe. Nilipokuwa tayari, nikaileta kutua, pua chini kidogo ili mwendo usiishe, breki yote. Ilishuka mteremko mkali bila kukimbia, kama mtu ashukaye ngazi. Ikiwa karibu kufika mbali kuliko nilivyotaka, nilivuta; ikiwa karibu kupunguka, niliachia kidogo kidogo. Kuiachia ghafula karibu na ardhi ni hatari, maana bawa hupoteza nguvu iliyokuwa ikilibeba, na ndege hudondoka. Kwenye goti la majani nikavirudisha vibao, polepole. Ikalala chini, hatua tano toka miguu yetu.

Mama yule hakusema kitu. Alifunga daftari, akanipa.

Wasomaji wapenzi, wengi wetu twapenda kusifiwa kwa kuruka. Aliye na kazi mpya, aliye na duka jipya, aliyenunua pikipiki, wote waangalia juu. Mimi nilidhani chombo kizuri ni kile kinachopanda. Baba yangu na yule fundi wa chuma, watu wasioonana kamwe, mmoja wa Kibumba na mwingine wa Liège, waliniambia neno moja: tazama mzigo umekaa wapi, na ujue utasimamaje, kabla hujaachia mikono. Nami ilinipasa kumwona mtoto wa watu hatua tatu toka mautini ndipo nisikie.

Siku hizi kaka yangu ni mzee, chukudu chake akiendesha mwanawe. Nikimpigia simu, humwuliza habari za nyumbani, na mwisho humwuliza: «Breki ya kijana iko namna gani?» Naye hucheka, akasema: «Umekuwa Baba.»